Love Kills: Kibao cha kwanza cha Freddie Mercury nje ya Queen

Wengi wetu tunamfahamu Freddie Mercury kama mtoto wa Zanzibar aliyeiimbia Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Je, ni wimbo gani ulioanza kutamba kwa jina lake mwenyewe?

Jaribio la kwanza

Mwaka 1973 alitoa singo akitumia jina la bandia, Larry Lurex. Haikutamba. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajajaribu tena.

Filamu yafungua mlango

Giorgio Moroder, mtayarishaji wa muziki kutoka Italia, alikuwa akiitengeneza upya Metropolis, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1927, ili aiwekee nyimbo za kisasa. Mwanzoni mwa 1984 Queen walitumia picha za filamu hiyo katika video ya Radio Ga Ga, wimbo kuhusu redio ulioandikwa na mpiga dramu wao, Roger Taylor.

Mercury na Moroder wakaandika pamoja Love Kills kwa ajili ya filamu hiyo. Wimbo una mdundo wa disko na vinanda vya umeme. Ulitoka Septemba 1984, ukafika nafasi ya 10 Uingereza. Radio Ga Ga ilikuwa imefika nafasi ya 2, kwa hiyo jina la bendi bado lilikuwa na uzito zaidi.

Je, aliihama bendi?

Hapana. Kwetu tumezoea kuona mwimbaji wa dansi akishatamba anahama na kuanzisha bendi yake. Mercury alitoa albamu yake, Mr. Bad Guy, Aprili 1985. Julai 13 mwaka huohuo alikuwa jukwaani na wenzake Wembley, London, katika Live Aid, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Alibaki Queen hadi alipofariki Novemba 1991.

Mwaka 2014 Queen waliutoa upya Love Kills katika albamu ya Queen Forever, safari hii ukiwa wa polepole, kwa sauti ileile ya Mercury. Hivyo ukiuomba redioni, taja unautaka upi: wa disko wa 1984, au huu wa bendi.