Amplifaya mbovu iliyoingia kwenye historia

Wiki jana amplifaya yangu ya gitaa ilizimika ghafla. Nilichomoa plagi, nikapima fyuzi kwa mita: imeungua. Nikaweka nyingine ya ampia zile zile na sauti ikarudi, ila spika inakwaruza. Nikakumbuka kisa cha 1951.

Machi mwaka huo, bendi ya Ike Turner ilitoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi kwa Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika. Phillips alisimulia kwamba ilianguka kutoka juu ya gari. Turner alisema ililowa mvua. Fundi hakupatikana, kwa hiyo Phillips akashindilia karatasi kwenye koni ya spika iliyochanika. Gitaa likakwaruza, naye akaurekodi mkwaruzo huo bila kuuficha. Wimbo huo, "Rocket 88", ulifika namba 1 kwenye chati ya R&B ya Billboard. Mwaka 1962 Maestro Fuzz-Tone ikaanza kuuzwa: kifaa cha kukwaruza kwa makusudi!

Sisi waandishi wa programu tunajua kasoro inayopendwa na watumiaji. Je, spika yangu niizibe au niiache?

Angalizo: usifungue amplifaya ovyo. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.