Fedha, Simbi na Feruzi: Habari za Mapambo katika Nchi ya Uluguru

Katika makala haya nakusudia kuchunguza maneno matatu ya Kiswahili, nayo ni fedha, simbi na feruzi. Pambo la fedha lililotiwa simbi za bahari na kito cha feruzi si kitu kigeni katika masoko ya siku hizi, na mnunuzi hudhani ya kwamba vitu hivyo vitatu vimekuwa pamoja tangu hapo. Lakini kwa watu wa Morogoro na milima ya Uluguru, kila kimoja kilipanda kutoka pwani kwa njia yake. Fedha ilipanda ikiwa sarafu. Simbi ilipanda ikiwa bidhaa, na mahali pengine ikawa alama ya ukuu. Feruzi, kwa kadiri lugha inavyoshuhudia, ilipanda ikiwa jina la mwanadamu. Jambo hili la tatu ndilo lililonisukuma kuandika, wala halielewi vema mtu asiyetazama kwanza yale mawili.

Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600, iko kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na maji yake hushuka kwa mto Ruvu hata yakaingia baharini karibu na Bagamoyo. Njia ya misafara ya kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita chini yake upande wa kaskazini. Burton na Speke walipita nchi hizo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Kwa kuwa habari nyingi tunazozisoma ziliandikwa na wapita njia, imekuwa desturi kuisimulia nchi ya bara kana kwamba ilikuwa kikapu tu cha kutiliwa vitu vya pwani. Maneno ya ufundi hayakubali hivyo.

Mtazame fundi wa fedha na vyombo vyake. Yeye huitwa mfua fedha. Kitendo cha kufua ni cha Kibantu, na fuawe yake imezaliwa na kitendo hicho hicho. Nyundo ni neno la kale linalopatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na mvukuto hutokana na kuvukuta. Lakini anapoyeyusha fedha na kuimimina, husemwa anasubu, nacho chombo anachomiminia huitwa kalibu. Anapounga kipande na kipande hulehemu. Anapochora maua juu yake hutia nakshi. Haya yote manne ni maneno ya Kiarabu. Na kama fundi mwenyewe ni Mhindi, huitwa sonara, neno alilokuja nalo kutoka kwao. Basi lugha yatuonyesha matabaka mawili. Chini kabisa upo uhunzi wa wenyeji, wa kuvukuta moto na kupiga chuma. Juu yake umewekwa ufundi wa kigeni wa kumimina, kuunga na kunakishi. Hata jina mfua fedha limefungwa kwa kamba mbili, mfua la Kibantu na fedha la Kiarabu.

Ushahidi huo wa maneno hausimami peke yake. Huko Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro, wataalamu Randi Haaland na Cyprian Msuya walichimbua mabaki ya ufinyanzi na kazi ya chuma, wakachapisha habari zake mwaka 2000. Kazi hiyo ilifanywa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo fedha ilipofika katika nchi hizi haikumkuta mtu asiyejua moto hulifanya nini jiwe. Ilimkuta mhunzi, na lililompungukia lilikuwa fedha yenyewe.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Katika karne ya kumi na tisa ilitoka zaidi katika reale, yaani ile sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zake zikaendelea kupigwa zikiwa na mwaka huo huo, kwa sababu wafanya biashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka sura nyingine. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika sehemu elfu za uzito huo sehemu 833 zilikuwa fedha safi. Mtu aliyetaka bangili hakuhitaji machimbo. Alimpelekea fundi reale, fundi akaziyeyusha, na malipo yake akayakata humo humo. Ndiyo maana Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili: fedha ni madini, na fedha ni mali ya kununulia. Pambo lilikuwa akiba iliyovaliwa, na siku ya shida liliweza kurudi kuwa sarafu.

Zamani za Wadachi mambo yaligeuka kidogo. Kuanzia mwaka 1890 ilipigwa rupia ya fedha, yenye uzito wa gramu 11.66, na ndani yake fedha safi ilipata kadiri ya gramu 10.7. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907. Yamkini hapo ndipo fedha ilipopanda milimani kwa wingi zaidi kuliko siku zote za misafara, kwa maana sasa watu walipata ujira wa rupia. Lakini zilipanda kwa mkono wa kulia zikashuka kwa mkono wa kushoto, kwenda kulipa kodi. Rupia iliyobaki juu ni ile iliyofichwa, au iliyotobolewa ikavaliwa, au iliyofuliwa ikawa kitu kingine. Wakati huo huo Kiswahili kilipata neno hela, kutokana na heller ya Wadachi, na hela yenyewe ilikuwa sarafu ya shaba ambayo hakuna binti angejivunia kuivaa.

Kisha ikaja shilingi ya Waingereza mwaka 1921. Shilingi hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, ila robo yake tu ndiyo iliyokuwa fedha, yaani chini kidogo ya gramu mbili. Msomaji na apige hesabu: ili kupata fedha iliyokuwamo katika rupia moja ya Mdachi, fundi alilazimika kuyeyusha shilingi tano na nusu, na baada ya taabu hiyo abaki na madini mengi yasiyotakiwa. Mwaka 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, shilingi ikawa ya shaba nyeupe. Wako wanaosema ya kwamba mapambo ya fedha yalipungua bara kwa sababu watu walipenda vitu vya kisasa. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba sarafu iliacha kuwa fedha, ingawa jina lake halikuacha.

Majina ya mapambo yenyewe ni mengi, nami nitayapitia kwa haraka kwa kuwa yamo katika kamusi. Miguuni palivaliwa mtali na furungu, mikononi kikuku, bangili, timbi na kekee, shingoni mkufu na kidani, masikioni jasi na vipuli, na puani kipini au hazama. Kekee ni bangili pana iliyo bapa, na tena ni chombo cha seremala cha kutobolea mbao; waandishi wa kamusi wameyaweka maneno hayo mawili karibu karibu bila ya kuyapatanisha, na pengine hayana undugu.

Sasa simbi. Hili si neno la kigeni. Kauri limetoka Bara Hindi, lakini simbi lina ndugu zake bara, na ndugu aliye mashuhuri yuko Buganda, ambako ensimbi ni simbi na ni fedha za matumizi hata leo, ingawa simbi zenyewe zimekwisha kuacha kununua kitu. Tazama jinsi lugha mbili zilivyofanya kazi moja: Waswahili waliita mali kwa jina la madini, na Waganda wakaiita kwa jina la kombe la bahari. Biashara ya simbi za pwani yetu ilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kuanzia miaka ya 1840 makampuni ya Hamburg, ya Hertz na ya O'Swald, yalizipakia melini kutoka Unguja kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilikuwa sarafu.

Lakini kombe lililokuwa na heshima kubwa zaidi bara halikuwa simbi. Lilikuwa lile duara jeupe linalokatwa katika kitako cha konokono mkubwa wa bahari, ambalo huko Unyamwezi huitwa kibangwa, nalo lilikuwa katika alama za watemi. Duara hilo lilisafiri mbali mno. Livingstone alipofika kwa Shinte katika nchi ya Walunda mwaka 1854, alielezwa bei yake: maduara mawili yalitosha kununua mtumwa mmoja, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa sababu hapo pambo na mtu vimekwisha kuwekwa katika mizani moja.

Twaja kwa feruzi. Jiwe hili hupata rangi yake katika shaba, kama vile mrututu, dawa ya vidonda waliyoijua wazee wetu. Machimbo yake mashuhuri yako Nishapur katika nchi ya Uajemi, na neno lenyewe ni la Kiajemi, nalo lina undugu na neno la ushindi. Likapita kwa Waarabu likawa fairuzi, hata likafika kwetu. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki jiwe la feruzi lilikuwa la wachache. Rangi yake ilitafutwa kwa vitu vingine, na mpaka leo mafundi wa Lamu hufanya pete za fedha zenye vipande vya sahani kuukuu za Kichina, rangi ya samawati juu ya nyeupe, vinavyookotwa ufukoni. Huko Uluguru kwenyewe ardhi ina vito vyake. Wadachi walichimba ulanga milimani, na upande wa Matombo yamepatikana mawe mekundu ya yakuti na spineli. Feruzi si mojawapo.

Hata hivyo Feruzi walikuwako, nao walitembea kwa miguu. Ilikuwa ada ya zamani katika nchi nyingi za Kiislamu kuwapa watumwa majina ya vito na manukato. Jawhar aliyeiteka Misri mwaka 969 na kuuasisi mji wa Kairo, jina lake ni johari, naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kafur aliyeitawala Misri kabla yake aliitwa kwa jina la kafuri. Na Yaqut, mwandishi wa kamusi kubwa ya miji, aliyefariki mwaka 1229, alikuwa yakuti. Pwani yetu ilifuata ada hiyo: Feruzi, Almasi, Marijani, Ambari, Johari. Sisemi ya kwamba kila Feruzi alikuwa mtumwa, maana jina hili lilivaliwa na wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu, na baadaye watu huru wengi walipewa kwa heshima ya babu. Lakini kwa mtu aliyetekwa bara, akashushwa pwani na kuuzwa, jina kama hilo lilikuwa na maana moja tu. Bwana alimwita kama alivyoviita vilivyomo kasikini mwake. Jina la mama yake halikuulizwa.

Mtu huyo aliweza kurudi bara kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni msafara: alipanda akiwa mpagazi au askari wa tajiri, akijiita mwungwana mbele ya washenzi, kama walivyosema wao. Njia ya pili ni kukimbia. Na hapo ndipo Morogoro inapoingia katika habari hii kwa nguvu zake zote, kwa sababu mji uliotangulia mji wa leo, yaani Simbamwene, ulikusanywa na Kisabengo, Mzigua, ambaye Burton na Stanley wote wawili wanamtaja kwa ubaya. Wanamwita mteka watu, na pengine ni kweli. Lakini wanasema pia ya kwamba wafuasi wake wengi walikuwa watumwa waliotoroka. Mji huo ulikuwa na ukuta wa mawe wenye minara pembeni na milango minne, na Stanley alipouona mwaka 1871, ukiwa umekwisha kuwa chini ya binti wa Kisabengo, alistaajabia nakshi za milango hiyo. Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba imeletwa ubao kwa ubao kutoka Unguja au Bagamoyo. Kisha akaona milango mingine ya nakshi katika nyumba za wakubwa, akakubali ya kwamba yawezekana mafundi ni wa hapo hapo.

Kukubali huko kwa Stanley, ingawa ni kwa nusu kinywa, ni kwa thamani kubwa. Mafundi hao walijifunza wapi nakshi za pwani? Jibu lililo jepesi ni kwamba waliishi pwani, wala si kwa hiari yao. Waliotoroka hawakuchukua reale wala vito; walichukua mikono yao, maneno ya kazi, na majina waliyopewa. Ikiwa neno nakshi na neno kalibu yalifika chini ya Uluguru kabla ya sonara na kabla ya reli, basi waliyafikisha watu wa namna hiyo, na jina Feruzi lilikuwa miongoni mwa mizigo yao.

Tufani ya Aprili 1872, iliyoubomoa mji wa Unguja, ilifika mpaka huko, na mafuriko yakachukua sehemu ya ukuta wa Simbamwene. Mapadre wa Bagamoyo walipojenga misheni ya Morogoro mwaka 1882, ukuu wa mji ule ulikuwa umekwisha kupungua. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Majina hayakufutwa. Feruzi ni jina la ukoo katika Tanzania, na ng'ambo ya Tanganyika, huko Kivu na Maniema, ambako watu wa misafara ya Tippu Tip walikaa wakaoa, limeenea zaidi, na wanaolichukua hulitamka kwa Kiswahili bila ya kufikiri jiwe lo lote.