Mwanza, Mwisho wa Safari ya London

Nimefundisha jiografia Mwanza kwa miaka mingi, na kila ninapowaambia wanafunzi kwamba njia ya kwanza ya ndege kutoka London kuja Afrika Mashariki iliishia hapa kwetu, si Nairobi wala Dar es Salaam, hawaamini. Ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Ilichukua siku 10.

Ukipiga mstari ulionyooka, London na Mwanza zimeachana kwa takriban kilomita 6,800. Ndege za wakati ule zilikwenda kama kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo kama zingeruka bila kutua, siku 2 zingetosha. Siku nyingine zote zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye usiku, kwenye mafuta na kwenye mzunguko. Giza likiingia, ndege ililala na watu wakalala. Tangi lilikauka kila baada ya kilomita mia kadhaa. Na njia yenyewe haikunyooka: ilipita Athens, ikavuka bahari hadi Alexandria, kisha treni hadi Cairo, ndege nyingine hadi Khartoum, na kutoka hapo ndege ya majini kufuata Mto Nile: Malakal, Juba, Port Bell, Kisumu, Mwanza.

Ndege hiyo ya majini iliitwa Short Calcutta. Ilikuwa na injini 3 na mabawa ya ghorofa mbili. Abiria walikaa ndani, lakini marubani walikaa mbele pasipo paa, upepo ukiwapiga usoni. Haikuhitaji uwanja, ziwa letu ndilo lililokuwa uwanja. Ndiyo maana Mwanza ilichaguliwa.

Heshima hiyo haikudumu. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, na kuanzia Kisumu zikatumika ndege za nchi kavu, zikipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa pembeni. Mwaka 1937 ndege kubwa zaidi za majini zilishika njia ya pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti, Comet, ilitoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe, safari nzima ikiisha chini ya saa 24.

Leo jeti ingeweza kumaliza zile kilomita 6,800 kwa saa 8 hivi, lakini hakuna inayotoka London moja kwa moja hadi Mwanza. Umbali haujaongezeka hata hatua moja. Kinachoamua nani yuko karibu na nani ni njia, na njia huamuliwa na watu.

Ndugu zangu wa Mwanza, kama wazee wenu waliacha picha au barua za miaka ile, msizitupe. Zipelekeni makumbusho ya Bujora, watoto wetu wazione.