Kinasa Sauti au Kinasa cha Sumaku?

Kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la umeme la ES-335 mwaka 1958, haikuweka mfuniko nyuma ya mwili wake wenye uwazi. Hivyo fundi abadiliye nyaya na swichi huzifunga uzi, huzivuta kupitia tundu la sauti, kisha hulehemu. Neno lehemu, la asili ya Kiarabu, mafundi walikuwa nalo kabla Baraza halijaundwa mwaka 1967, hatukulitunga. Utata umo katika sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi. Kuiita kinasa sauti, jina la tepurekoda, ni kumpotosha fundi, kwani haisikii sauti: huhisi mtetemo wa chuma. Ukiifunga kwenye enanga, ala ya Wahaya, huko Kagoma mkoani Kagera, na nyuzi zikawa za kano au nailoni, itanyamaza. Twapendekeza kinasa cha sumaku.