Mafuriko Rufiji: ujiandae vipi, na msaada unafikaje kwako?

Masika ya 2024 iliacha vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, vikiwa vimezungukwa na maji. Aprili 25 mwaka huo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua na mafuriko vimeua watu 155 nchini na kuathiri watu zaidi ya 200,000. Msikilizaji, haya ni mambo ya kujua kabla maji hayajarudi.

Kwa nini maji huja hata kama kwetu hakujanyesha?

Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mvua ikinyesha sana Morogoro, Iringa, Njombe au Mbeya, maji hayo huteremka hadi bondeni kwenu. Kwa hiyo usiangalie mawingu ya kijijini tu, sikiliza pia hali ya hewa ya mikoa ya juu.

Baada ya mafuriko ya 1968, wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa maeneo ya juu. Lakini shamba lilibaki bondeni, kwa sababu mafuriko hayo hayo huleta rutuba ya kilimo cha mlau. Ndiyo maana watu bado hulala kwenye madungu kulinda mazao. Anayelala dunguni ahakikishe ana simu yenye chaji na mtu wa nyumbani anayejua aliko.

Rangi za TMA zina maana gani?

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi tatu. Njano ni angalizo: fuatilia taarifa. Rangi ya machungwa ni tahadhari: jiandae kuondoka. Nyekundu ni tahadhari kubwa: chukua hatua mara moja.

Nitayarishe nini?

- Kitambulisho cha taifa, kadi za kliniki na vyeti, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.
- Dawa za anayetumia kila siku.
- Mbegu kidogo, zihifadhiwe kwa ndugu anayeishi juu.
- Makubaliano ya familia: tunakwenda wapi, nani anamshika bibi, nani anabeba mtoto.

Usivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini. Rufiji ina mamba na viboko, na wakati wa mafuriko husogea hadi karibu na makazi. Ukihitaji uokoaji, piga 114, Zimamoto na Uokoaji, bure.

Msaada hugawiwaje?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kwako wewe, mlango wa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Hakikisha kaya yako imeandikwa: idadi ya watu, wagonjwa, wajawazito, watoto wadogo, nyumba na shamba vilivyoharibika. Aliyehamia kwa ndugu naye ajiandikishe. Mara nyingi huyo ndiye husahaulika, kwa kuwa hayupo kambini.

Ombeni orodha isomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Ikisomwa hadharani, jina hewa huonekana na aliyeachwa hujulikana. Msaada wa maafa hauuzwi. Anayekudai fedha ili akuandike, toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Na kambini?

Viwango vya kimataifa vinataka kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20 hali ikishatulia. Visipofikiwa, mna haki ya kuuliza.

Chemsha maji ya kunywa au tumia dawa ya kutibu maji. Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari huku mkimpeleka kituo cha afya: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kuharisha majimaji mfululizo kunaweza kuwa kipindupindu, na kipindupindu huua kwa saa chache.

Maji yakipungua, muulize ofisa ugani mapema kuhusu mbegu zinazokomaa haraka. Udongo ukishakauka, nafasi ya mlau imepita.