Ngoma Iliyosimama na Ngoma Inayokwenda

Mwaka 1897 Benjamin Stone, mbunge wa Birmingham Mashariki, alianzisha chama cha kitaifa cha kuhifadhi kumbukumbu kwa picha. Alihofu kwamba mila za vijijini zingetoweka, akazunguka Uingereza kupiga picha sherehe zake, ikiwemo ngoma ya pembe ya Abbots Bromley. Chombo chake kilikuwa kamera kubwa ya mabamba ya kioo, yenye miguu mitatu. Kamera ya namna hiyo haiifuati ngoma. Ngoma ndiyo huisimamia. Wachezaji wa Stone, basi, wanatutazama wakiwa wamejipanga kimya, pembe mikononi. Mavazi yao twayaona. Mwendo wao hatuuoni.

Mwaka 1900 ikaja Brownie ya Kodak, kisanduku kilichouzwa Uingereza kwa shilingi tano. Kamera ikawahamia wenye sherehe. Huko Longbridge, ambako Herbert Austin alianzisha kiwanda cha magari mwaka 1905, tramu zilipita njiani kwenda Rednal, chini ya vilima vya Lickey. Hadi mwaka 1952 watu wa jiji walizipanda siku za mapumziko kwenda kupunga upepo. Matembezi ya aina hiyo ndiyo yaliyofaa kisanduku: picha huenda upande, kichwa cha mjomba hukatwa, lakini mpigaji ni wa nyumbani na wanaopigwa wanacheka.

Vanley Burke alipotimiza miaka kumi huko Jamaika, mama yake, aliyekwisha kuhamia Uingereza, alimpelekea Brownie 127. Mwaka 1965 alimfuata Handsworth, Birmingham. Mwaka 1970, katika bustani ya mtaa huo, alimpiga picha mvulana mweusi mwenye baiskeli iliyofungwa bendera ya Uingereza. Mwaka 1977 alipiga umati wa Siku ya Ukombozi wa Afrika. Stone alikwenda kwa watu kama mgeni mheshimiwa. Burke alikuwa jirani, na majirani hawakuhitaji kujipanga mbele yake.

Leo kazi za wote wawili zimehifadhiwa katika Maktaba ya Birmingham. Hilo halikuja lenyewe: kuna waliozikusanya na kuzitaja. Albamu za nyumbani hazina ulinzi huo. Kampuni ya MG Rover ilipoanguka Longbridge mwezi Aprili 2005, wafanyakazi wapatao 6,000 walipoteza ajira. Kiwanda kikiondoka, ushahidi wa urafiki wa watu wake hubaki katika masanduku ya vitandani.

Nasi tuna masanduku hayo. Studio ya Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, imeacha hazina ya sura. Ndani ya simu zetu zimo harusi na maulidi yasiyohesabika. Bibi anayeweza kumtaja kila aliyeketi kwenye mkeka angali hai. Tumwulize sasa, tuyaandike majina nyuma ya picha.