Halua, kahawa chungu na wakata miwa wa Pangani

Ukiingia nyumba ya Wazanzibari hapa Maskati, halua inatangulia, kahawa inafuata, na kahawa haina sukari. Marehemu bibi ukimuomba sukari alikuwa anakusogezea sahani tu: "Utamu si huo hapo?" Sisi watoto tulikunja nyuso, tukameza, halafu tukarudia halua.

Huko kurudia ndiko kunakonivutia. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake, Oxford, walionyesha kwamba ukila kitu kimoja, hamu ya kitu kile kile inashuka, lakini ya vyakula vingine haishuki sana. Ndiyo maana umeshiba biriani mpaka unahema, likija nanasi nafasi inapatikana. Na halua ina samli nyingi. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulionyesha kuwa vinywaji vyenye ukakasi, kama chai, vikinywewa kidogo kidogo vinapunguza ule utelezi wa mafuta mdomoni. Kidogo kidogo, yaani kama kile kikombe chetu kisicho na kishikio, mafunda mawili matatu kimekwisha!

Wazee hawakuwasubiri Oxford. Kule Yemen, Masufi walikuwa wanakunywa kahawa tangu karne ya 15 ili wakeshe kwenye dhikri. Oman ikashika kahawa na tende. Majahazi ya kaskazi yalileta tende mpaka pwani ya Afrika Mashariki, na Mombasa hadi leo utakuta kahawa chungu inauzwa barabarani na kashata.

Sasa tuje kwenye sukari, maana uchungu wa kahawa ndio unaotufanya tule utamu zaidi, na huo utamu una watu nyuma yake. Karne ya 19 miwa ililimwa kwa wingi bonde la Pangani, na waliolima na kukata walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, yule tunayemsifu kwa kupigana na Wajerumani kuanzia 1888, naye alikuwa na shamba la miwa huko huko. Hilo kwenye sifa zake husikii sana.

Majumbani kwetu hadithi ya halua ina zafarani, iliki, samli na sufuria kubwa ya shaba. Mkata miwa hayumo. Kama kwenu kuna mzee mwenye asili ya Pangani, muulize kuhusu mashamba yale, na umrekodi kwenye simu kabla ya Idi.